Aliyekata Maini

Mtu akikuumiza sana, husema amenikata maini.
Mimi nilimpa kisu yule aliyeyakata kweli,
miaka ishirini na miwili, nimesimama kuumeni kwake.

Daktari Ndeanasia Lyatuu,
binti wa mlinzi wa mfongo kule Machame.
Baba yake aligawa maji kwa jembe na kwa kivuli cha jua:
asubuhi kwa akina Swai, mchana kwa akina Munisi,
usiku kwa wajane, wasije wakagombana na mtu.
Ndiyo maana alipotufundisha njia za nyongo
hakufungua kitabu. Alichora mfongo ubaoni:
"Jani moja likiziba hapa, kihamba cha chini kinakauka,
cha juu kinaoza. Macho ya manjano
ni maji yaliyokosa njia.
Usiyalaumu maji. Tafuta jani."

Mgonjwa wa kwanza alikufa.
Naanza na huyo kwa sababu yeye alianza na huyo,
kila mwaka, kwa kila kundi la wanafunzi, kabla ya salamu.
Mama Aikaeli, muuza ndizi wa Kiboriloni,
uvimbe kwenye kichwa cha kongosho.
Saa tisa mezani. Umeme ukakatika mara mbili,
mpishi wa chai akaitwa aje ashike tochi,
na mambo yakatumbukia nyongo, hapo sisemi kwa mafumbo.
Jumapili Daktari akapanda na jani la isale
hadi uani kwa wafiwa.
Profesa mmoja alisema daktari haombi radhi kwa majani.
Hakumjibu. Alikuwa na tope hadi kwenye soksi.

Wa pili, Swalehe Msofe, fundi magari wa Majengo.
Nusu ya ini imeliwa. Damu haikutosha.
Tukatuma mtu sekondari; wavulana wa kidato cha tano
wakaja na sare zao, wakapanga foleni
kama wanasubiri makande.
Akiwa ndani ya ini, Daktari hakusema.
Alisikiliza kwa kidole.
Mimi nilikijua kimya kile,
nikaweka mkasi kiganjani kabla hajaomba.

Swalehe alipozinduka, akalitazama kovu la pande tatu,
akacheka hadi nyuzi zikamuuma:
"Sista, mmenigonga nembo ya Benzi!"
Haikupita miezi mingi ini likajaa tena,
kama mgomba uliokatwa unavyosukuma chipukizi
bila kumwuliza mwenye shamba.

Tulimzika Januari, kihambani kwao.
Hotuba zilikuwa ndefu. Mwanzilishi, wakasema. Nguzo. Wa kwanza.
Swalehe, mzee sasa, akafungua vifungo vya shati
mbele ya askofu na watu wote,
akasimama tu, upepo wa mlima ukampiga tumboni.
Wanafunzi wake walikuwa tisa, suti nyeusi, viatu vya mjini.
Mmoja akatoka mstarini, akainama mfongoni,
akazoa tita la majani makavu.
Maji yakapita. Akajifuta mikono kwenye suruali.
Sijui kama aliwaza lolote.

Aliacha daftari la kaunta, jalada limeliwa na mende.
Kurasa za mbele ni za waliokufa, safu tatu:
jina, kijiji, kosa langu.
Waliopona wako nyuma, bila safu,
wengine kwa penseli.

Mimi nimestaafu. Usiku kiganja hufunguka chenyewe,
kinatafuta cha kumpa mtu.
Juzi sokoni Mbuyuni nikasimama mbele ya buchani,
nikabonyeza ini la ng'ombe kwa kidole kimoja:
ukingo mkali, laini, halina doa.
"Bibi," muuzaji akasema, "unanunua au unapima?"
Nikamwambia, zima hili.
Nikaondoka bila kununua. Maini siyali,
tangu mwaka ule wa Mama Aikaeli.